Chakula Kipya Kisihukumiwe Usiku wa Kwanza

Familia nyingi zinazopenda kujaribu mapishi mapya wakati wa chakula cha jioni hukosea mahali pamoja: hupika kitu mara moja, hukionja, hutoa hukumu, na wiki inayofuata hukimbilia kingine. Nashikilia kwamba faida ya mapishi mapya hupatikana mara ya pili na ya tatu, wakati mpishi hahitaji tena kusoma maelekezo kila dakika na walaji hawakitazami tena chakula kwa mashaka. Anayebadilisha kila wiki hubaki na orodha ndefu ya vyakula alivyowahi kupika, wala hamna hata kimoja anachokimudu.

Tumtazame kwanza mpishi, kwa kuwa lawama humwangukia yeye. Maelekezo huonekana kamili, lakini yaliandikwa na mtu aliyetumia jiko lake, sufuria zake na chumvi yake. Kijiko kikubwa cha kupimia nchini Australia ni mililita 20, ilhali katika nchi nyingi nyingine ni mililita 15. Chumvi ya chembe kubwa huacha nafasi katikati ya chembe, kwa hiyo kijiko chake kimoja hakikolezi kama kijiko cha chumvi laini. Anayeishi milimani ana jambo jingine la kuzingatia, kwani maji huchemka kwa joto linalopungua takriban nyuzi 1 ya Selsiasi kwa kila mita 300 za mwinuko, na maharagwe yatamchukua muda mrefu kuliko ilivyoandikwa. Mambo haya huwezi kuyajua mpaka uwe umepika chakula hicho mara moja jikoni mwako mwenyewe. Ndiyo maana usiku wa kwanza nauona kuwa wa kupima, na ninashauri maelekezo yafuatwe kama yalivyo, bila ujanja wa kubadilisha viungo.

Muda ulioandikwa, hata hivyo, usiuamini sana. Utasoma kwamba vitunguu vikaangwe dakika 10 hadi viwe vya kahawia na vitamu, jambo ambalo kwa moto wa wastani haliwezekani. Katika dakika 10 vitalainika tu, na kuvifikisha kwenye kahawia ile huchukua zaidi ya nusu saa. Sababu ni maji. Maadamu kikaangoni mna maji mengi, joto la chakula halipandi sana juu ya nyuzi 100, na ile rangi yenye harufu nzuri, ambayo kwa sehemu kubwa hutokana na mmenyuko wa kikemia kati ya sukari na protini za chakula, ulioelezwa na mkemia Mfaransa Louis-Camille Maillard mwaka 1912, huhitaji joto kubwa zaidi ili ijitokeze haraka. Nyama nayo ni hivyo hivyo: ikirundikwa kikaangoni ikiwa na majimaji, itachemka badala ya kukaangika. (Nashuku kwamba wengi wa wanaoandika maelekezo hawahesabu muda wa kumenya na kukatakata.) Kwa hiyo chakula kipya kisipangwe jioni ambayo watu wamerudi wamechoka na njaa imewashika, maana hakuna anayeonja kwa haki akiwa amesubiri saa moja zaidi ya alivyoahidiwa.

Walaji, hasa watoto, ndio wanaonifanya nisisitize kurudia. Kukataa chakula kisichozoeleka ni hali ya kawaida ya ukuaji, na huwa kali zaidi takriban kati ya umri wa miaka 2 na 6. Utafiti juu ya ulaji wa watoto umeonyesha kwamba mtoto huenda akahitaji kuonja kitu mara 8 hadi 15 kabla ya kukikubali, na kwamba kumlazimisha huongeza ukaidi. Mzazi anayefuta chakula kwenye orodha baada ya mtoto kukunja uso mara moja amekata kesi kabla haijasikilizwa. Kiwekwe kidogo, kando ya chakula ambacho mtoto anakipenda tayari, bila sifa wala vitisho. Asipokila, kiondolewe bila maneno na kirudi siku nyingine. Mtoto aliyeosha mboga au kukoroga mchuzi kwa kawaida huwa na hamu zaidi ya kuonja, ingawa jikoni patachafuka.

Watu wazima nao wana kasoro yao, nayo ni kuuliza, kijiko kikiwa bado mdomoni, kama chakula kimependeza. Swali hilo huzaa adabu au ugomvi, na yote mawili hayamsaidii mpishi. Afadhali kuuliza kimepungukiwa na nini: chumvi, uchachu, ukali au muda wa kuiva? Majibu yaandikwe pembeni mwa maelekezo, na mara ya pili libadilishwe jambo moja tu, kwa sababu ukibadilisha matatu hutajua lipi limefaa.

Yapo mambo ambayo hayaguswi hata mara ya kumi. Kuku afike nyuzi 74 ndani, na maharagwe mekundu makavu, baada ya kulowekwa na kumwagwa maji yake, yachemke kwa nguvu kwa angalau dakika 10, kwani moto mdogo wa muda mrefu hauiondoi sumu yake ya asili. Maelekezo mapya yakipingana na hayo, acha kuyafuata.

Mara ya tatu ikipita, uamuzi uwe wa mpishi kwanza. Iwapo chakula kinaliwa vizuri lakini yeye anachoka kabla hata hajawasha jiko, kiachwe, au apatikane mwingine nyumbani wa kukipika.