Kwa nini Kiingereza kinakataa "a person whom to trust"

"I don't know whom to trust" ni Kiingereza safi. "I need a person whom to trust" si Kiingereza, ingawa maneno matatu ya mwisho ni yale yale. Wanaosahihisha insha hulijua kosa hili la pili, na wengi hukata "whom" kwa kalamu nyekundu wakapita. Mwandishi anabaki na sentensi sahihi asiyojua ilisahihishwa kwa nini, na wiki ijayo analirudia kosa kwa "which".

Kwa anayefikiri kwa Kiswahili, chanzo cha kosa kiko karibu. Linganisha "sijui wa kumwuliza" na "sina wa kumwuliza". Kwetu "wa kumwuliza" ni umbo moja linalotumika kotekote. Kiingereza hulipasua mara mbili. "Sijui" hubeba swali ndani yake, kwa hiyo: "I don't know who to ask". "Sina" hudai nomino, kwa hiyo: "I have no one to ask", na "who" haina pa kukaa. Anayeitoa "who" kwenye sentensi ya kwanza na kuipachika kwenye ya pili anaandika "I have no one who to ask". Ndivyo ilivyo pia kwa "sijui la kufanya", yaani "I don't know what to do", na "nina la kufanya", ambayo ni "I have something to do", si "I have what to do".

Kipimo cha haraka ni kutazama kilichotangulia. Kikiwa kitenzi cha kujua, kuuliza, kuamua, kukumbuka au kueleza, neno la swali linakaa. Ikiwa ni nomino inayofafanuliwa, neno hilo linatoka na "to" inabaki peke yake. Kipimo hiki kina mtego mmoja: "tell" na "ask" huweka mtu katikati, kama katika "they told him who to see". Hapo "him" ni aliyeambiwa tu, "who" haimfafanui, na sentensi ni sahihi.

Baada ya nomino kuna mlango mmoja tu uliobaki wazi. Kirejeshi, yaani neno kama "whom" au "which" linalorejelea nomino iliyotangulia, kinaweza kusimama mbele ya "to" endapo kimetanguliwa na kihusishi, yaani neno kama "in" au "with". "A friend whom to confide in" inakataliwa. "A friend in whom to confide" inakubaliwa. "A friend to confide in", isiyo na kirejeshi kabisa, inakubaliwa pia. Wanaopita mlango huo ni "which", "whom" na "whose", kama katika "someone on whose judgement to rely". "That" haipiti kwa hali yoyote. "A way how to solve it" ni kosa la moja kwa moja. Iwe "a way to solve it". "A place where to sleep" utaisikia, lakini mhariri makini ataifanya "a place to sleep".

Kwa nini kihusishi kiokoe kirejeshi? Mwaka 1977 wanaisimu Noam Chomsky na Howard Lasnik walitoa jibu ambalo bado linajadiliwa: kinachofutwa ni kile ambacho msikilizaji anaweza kukirudisha mwenyewe. Katika "a person to trust", "whom" isingeongeza habari yoyote, kwa hiyo inafutwa. Kihusishi kina maana yake: kuandika kwa kalamu si kuandika juu yake, na "with" ikifutwa haijulikani tena ilikuwa ipi. Kinabaki, na kirejeshi kilichoshikamana nacho kinabaki pia. Maelezo haya ni mazuri na darasani yanafaa. Hata hivyo, yasigeuzwe sheria ya akili ya binadamu. Kifaransa kinakwenda sambamba na Kiingereza, husema "quelqu'un à qui parler" (mtu wa kuzungumza naye) na kukataa kirejeshi kitupu, kisicho na kihusishi, mbele ya kitenzi-jina, yaani kitenzi kisicho na nafsi wala wakati. Kihispania, ndugu yake wa damu, husema "algo que leer" (kitu cha kusoma) bila wasiwasi, yaani kirejeshi kitupu kabisa mbele ya kitenzi-jina. Kiswahili nacho kinafunga mlango wote: "mtu ambaye kumwamini" haiwezekani, maana amba- hudai kitenzi chenye nafsi na wakati. Kila lugha imechora mpaka wake.

Hadi hapo hakuna ubishi miongoni mwa wanaokijua Kiingereza. Ubishi unaanza kwenye maumbo mawili yaliyopita: tuandike "a knife with which to cut the bread" au "a knife to cut the bread with"?

Wanaotetea la kwanza wana ukoo mrefu. Mwaka 1672 mshairi John Dryden alimkosoa mwandishi wa tamthilia Ben Jonson kwa kuacha kihusishi mwishoni mwa sentensi. Mwaka 1762 Robert Lowth, katika sarufi yake, alikiri kwamba lugha inaelekea sana kufanya hivyo na kwamba mazungumzo ya kawaida yamejaa mtindo huo, ila akaona kukitanguliza kihusishi kunapendeza zaidi katika maandishi mazito. (Sentensi yake ya kukiri iliishia na kihusishi.) Hoja ya upendezi peke yake hainishawishi. Iliyo na uzito ni nyingine: "with which to" humwambia msomaji mapema kazi ya kisu, kabla hajaufikia mkate. Kitenzi kikiwa na mkia mrefu, faida hiyo ni kubwa. "A method by which to estimate the water lost through evaporation during the dry months" inasomeka. Peleka "by" mwishoni mwa sentensi hiyo uone inavyoning'inia baada ya "months", mbali na "method", maneno kumi na moja yakiwa katikati.

Wapo pia wanaotaka umbo la kihusishi mbele litupwe darasani: katika mazungumzo linasikika kama tangazo la mahakama, na mwanafunzi anayelijaribu hukosea kuliko asiyelijaribu. Kosa lake maarufu ni kuweka kihusishi mara mbili, "a house in which to live in". Kingine ni kulilazimisha mahali lisipoingia. "Someone to look up to" haigeuki kuwa "someone up to whom to look", na "a child to look after" haiwi "a child after whom to look", kwa sababu "look up to" na "look after" ni vitenzi vilivyoungana na vihusishi vyao. Ukivitenganisha maana inapotea.

Kwangu mimi, upande wa pili unashinda katika kufundisha kuandika, na wa kwanza katika kufundisha kusoma. Mtu aanze na "to ... with" hadi imkae mkononi, halafu alichukue umbo la kihusishi mbele kwa mahitaji mawili: mkia mrefu kama ule wa juu, na nomino za muda na misingi, kama "two hours in which to finish" au "a basis on which to build". "Two hours to finish the exam in" haipendezi. Ukiacha "in which" unaacha kihusishi chote, "two hours to finish the exam", nayo ni sahihi.

Lakini mjadala wa kihusishi kikae wapi umewasahau wanaokidondosha kabisa, nao ndio wengi: "a pen to write", "a chair to sit", "someone to talk". Tazama kitenzi cha Kiswahili kilicho nyuma ya kila mfano. Kalamu ni ya kuandik-i-a, kiti ni cha kukal-i-a. Kile kiambishi -i- cha kauli ya kutendea ndicho kinachobeba kazi ya "with" na "on", na kwa kuwa kimejificha tumboni mwa kitenzi, anayetafsiri hakioni na hakipi neno lake. Katika "mtu wa kuzungumza naye" kazi hiyo inafanywa na "naye", ambayo Kiingereza huitaka kama "to" ya mwisho: "someone to talk to". Zoezi lenye faida ni kupigia mstari kila -i- au -e- ya kutendea, na kila "naye" au "nacho", kisha kuhakikisha kila mstari umepata kihusishi upande wa pili. "Kisu cha kukatia mkate": -i- moja, "with" moja.

Zoezi hilo lina shimo. "Nyumba ya kuishi" haina -i- ya kutendea, ila Kiingereza kinadai "a house to live in". Hapa Kiswahili hakisaidii. Inabidi kukumbuka kwamba "live" haishiki nyumba bila "in". Na papo hapo "a place to live" haihitaji kihusishi, kwa kuwa "place", pamoja na "time", "way" na "reason", zina ruhusa ya kukiacha. Anayejifunza kwa kuiga husikia "a place to live" mara mia, akaipachika "house" mahali pa "place", na kosa likazaliwa kutoka kwenye sentensi sahihi.

Limebaki suala la mtendaji. Ukitaka kutaja atakayeishi humo, "for" huingia: "a house for the children to live in". Umbo la kihusishi mbele halimpokei: "a house in which for the children to live" huvunjika. Anayetaka "in which" na watoto pamoja aiache "to" na achukue kitenzi kamili: "a house in which the children can live". Usipomtaja mtendaji, "someone to help" inaweza kumaanisha mtu wa kusaidia au mtu wa kusaidiwa. Kiswahili huamua kwa silabi moja, "wa kutusaidia" au "wa kumsaidia". Kiingereza kinadai neno zima: "someone to help us", au "someone for us to help".