Nane mbili mbele ya kumi

Katika mkakati wa msingi (jedwali la uamuzi bora kwa kila mkono) wa blackjack, mchezo wa karata wa kukaribia 21 bila kuivuka, kanuni inayonuniwa kuliko zote ni hii: ukishika nane mbili, mgawaji akawa ameweka wazi kumi (au karata ya picha, nayo huhesabiwa 10), zitenganishe ziwe mikono miwili, kila mmoja na dau lake. Kuhusu kutenganisha ree mbili hakuna anayebisha. Tano mbili hazitenganishwi, kwa kuwa 10 ni jumla nzuri ya kuongeza dau maradufu. Kumi mbili nazo ziacheni zilivyo: kubaki na 20 mgawaji akionyesha 6 kunaleta wastani wa faida ya karibu 70 kwa kila dau la 100, na ukizitenganisha faida hiyo inapungua.

Kwenye nane ndipo penye ugomvi. Wapinzani wanasema mgawaji ana nguvu, wewe uko pabaya, sasa dau la pili la nini? Hoja haina upuuzi, maana hata ukitenganisha bado unatarajiwa kupoteza. Ila wanasahau kwamba dau la kwanza limeshalala mezani juu ya 16, jumla mbovu kuliko zote.

Chukua dau la 100, na mgawaji ameshachungulia karata yake iliyofunikwa akakuta hana blackjack, yaani 21 ya karata mbili, ree na kumi. Ukibaki na 16, unashinda pale tu anapovuka 21, kama mara 23 katika 100. Mara 77 unapoteza, kwa hiyo wastani ni hasara ya 54. Ukiomba karata hupati nafuu ya maana: katika aina 13 za karata, nane (kuanzia 6 hadi mfalme) zinakuvusha 21. Sasa tenganisha. Kila nane inaanza upya: aina nne kati ya 13 zinaifanya 18, ree inaifanya 19, na 2 au 3 zinakupa 10 au 11 ya kujengea. Kila mkono unapoteza wastani wa 24 hivi, yote miwili 48. Hasara ya 24 mara mbili ni ndogo kuliko ya 54 mara moja, na hapo ndipo wengi wanapokwama, kwa sababu jicho linaona madau mawili yakizolewa na haliioni ile 6 iliyookolewa. Hata kusalimu amri na kurudishiwa nusu ya dau kunagharimu 50. Ndiyo maana 16 iliyotokana na karata ya 10 na ya 6 husalimishwa mbele ya kumi, lakini 16 ya nane mbili hutenganishwa.

Tisa zinafuata mantiki hiyohiyo kwa sura nyingine. Mgawaji akionyesha 7, jumla anayoelekea kuifikia zaidi ni 17, na 18 yako inaipiga, baki. Akionyesha 9, kubaki kunapoteza karibu 18 kwa 100, na kutenganisha kunaipunguza hasara hiyo hadi karibu nusu.

Wapinzani wana hoja mbili nzito zaidi ya ile wanayoipenda. Ya kwanza ni uchache: nane mbili mbele ya kumi hutokea takriban mara moja katika mikono 550, kwa hiyo ile 6 ikisambazwa kwenye mikono yote ni kama 0.01% ya dau. Meza inayolipa blackjack 6 kwa 5 badala ya 3 kwa 2 inakula karibu 1.4%. Anayebishania nane kwenye meza ya namna hiyo anaziba tundu la sindano huku mlango uko wazi.

Ya pili ni kanuni ya meza. Katika kasino nyingi za Ulaya mgawaji hachukui karata ya pili hadi wachezaji wamalize. Blackjack ikimtokea baadaye, anazoa madau yote mawili, na gharama hiyo inaimeza ile nafuu. Hapo usizitenganishe nane mbele ya kumi wala ree, omba karata. Wabishi wengi wanatoka kwenye meza za aina mbili tofauti, kila mmoja na jedwali lake sahihi.