Milioni ya harusi ipo, ya Bodi haipo

Jumapili iliyopita nilikuwa kwenye kikao cha harusi, Moshi, baa moja ya njia ya Majengo. Zamu ya kutoa ahadi ikamfikia jamaa tuliyesoma naye chuo, siku hizi anapeleka wageni Serengeti na Ngorongoro, analipwa kwa dola, tipu juu. Akasimama, akafunga kifungo cha koti. "Mwenyekiti, niandike milioni moja. Nusu ninayo hapa." Makofi! Mweka hazina akaandika kwa wino mwekundu, shangazi wa bwana harusi akapiga kigelegele. Na mimi nikapiga makofi, nisiseme uongo.

Baadaye nyama ikiwa mezani, mwenzetu mmoja mwalimu akawa analalamika kwamba makato ya Bodi ya Mikopo, ile iliyotukopesha tukasoma chuo, yanammaliza. Yule wa milioni akacheka mpaka akaweka chupa chini. "Wewe si ulijipeleka mwenyewe kwenye ajira? Mimi wanipate kwanza. Tangu nimalize chuo sijawapa hata mia." Meza nzima ikacheka naye. Mjanja wa mjini.

Ngoja nipige hesabu ambayo pale sikupata nafasi ya kuipiga. Pesa ya kujikimu ya mwanafunzi anayekopeshwa na Bodi ni shilingi 10,000 kwa siku, tangu ilipopandishwa kutoka 8,500 mwaka 2022. Milioni moja ni siku mia za mtoto wa watu kula na kulala. Siku mia! Sisi tumeiweka kwenye mapambo, keki na MC atakayetufokea tucheze.

Na mtu asiniambie Watanzania hatujui kulipa madeni. Mama zetu wa VICOBA, vile vikundi vya kuweka na kukopa, kule Pasua wanarejesha kila wiki, na asiyerejesha anajua wenzake watakuja kubeba kabati. Rambirambi hatucheleweshi. Desemba tukipanda Rombo, Kibosho na Machame kuhesabiwa na wazee wetu, hakuna anayekwenda mikono mitupu. Tunalipa sana, ila tunalipa palipo na macho ya watu. Bodi haina shangazi wa kupiga kigelegele wala daftari la kusomwa mbele ya wakwe. Mwaka 2024 walikuja na kampeni ya "Fichua, Kuwa Hero wa Madogo", tuwataje wanaokwepa kulipa ili wadogo zetu nao wakopeshwe. Kwenye magrupu yetu ilizunguka kama kichekesho.

Lakini hao madogo wapo, mangi. Dirisha la maombi likifunguliwa, ingia steshenari yoyote ya karibu na stendi uwaone. Mwaka jana nilikwenda kutoa kopi, mbele yangu mama na binti yake. Binti ameshika cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa RITA, wakala wa vizazi na vifo, na cheti cha kifo cha baba, vyote ndani ya mfuko wa nailoni visilowe. Fomu inataka sahihi ya mdhamini na muhuri wa serikali ya mtaa. Mama akafungua fundo la kanga, akahesabu noti za ada ya maombi moja moja, akarudia kuzihesabu, ndipo akampa kijana wa kompyuta. Yule mama anamsubiri jamaa yetu wa milioni arejeshe ili binti akopeshwe, na wala hamjui. Nilitoka pale nikiwa na hasira ambayo mpaka leo sijui niipeleke wapi, ndiyo hii naimwaga hapa.

Haya, na Bodi nao. Ile tozo ya asilimia 6 kwa mwaka ya kulinda thamani ya mkopo ilikuwa unyang'anyi. Mtu alikuwa anakatwa kila mwezi na deni halishuki, mpaka Rais Samia alipotangaza Mei Mosi ya 2021 kwamba inafutwa. Waliokuwa wakikatwa asilimia 8 ya mshahara wakashtukia ni 15, baada ya sheria kubadilishwa 2016. Hayo nawakubalia wanaoilalamikia Bodi, ingawa kwa shingo upande, kwa sababu wanaoyapigia kelele zaidi ni wale wasiokatwa.

Maana anayekatwa hana hata muda wa kelele. Chukua mwalimu wa shule binafsi hapa Moshi mwenye mshahara wa 800,000. NSSF 80,000, kodi 60,000, Bodi 120,000. Anabaki na 540,000, bado nauli, bado kodi ya nyumba. Yeye hakuulizwa kama ana moyo wa uzalendo. Jina lake liliingia kwenye orodha ya mishahara, basi. (Wapo pia waajiri wanaokata na hawapeleki, na hao nawaombea wakutane na majeshi ya mbinguni.) Kwa hiyo anayerejesha si mwenye nacho, ni mwenye hati ya mshahara. Mwenye dola mfukoni anakaa mezani kumcheka. Hicho ndicho kinachoniudhi.

Sasa usinichanganye na kijana mwenye digrii anayebeba mizigo ya wageni Kilimanjaro. Huyo simsemi. Sheria inamtaka aliyejiajiri alipe isiyopungua 100,000 kwa mwezi, au asilimia 10 ya kipato kinachotozwa kodi. Mwezi upi? Aprili na Mei, mvua za masika, wageni hakuna, wagumu, hao wapagazi wa mlimani, wanashinda vijiweni wakicheza drafti. Septemba anaweza kulipa laki tatu kwa mkupuo bila kusukumwa. Bodi, mwekeeni utaratibu wa msimu, kwani kuna ugumu gani? Mmefungua mpaka ofisi ya kanda Arusha, mji mzima unaoishi kwa watalii, bado mnadhani kila mtu analipwa tarehe 25!

Limebaki lile jibu la mwisho, ambalo jamaa alinipa tukiwa parkingi nilipomfuata: "Hela zenyewe wanakula, soma ripoti ya CAG." Nimeisoma hiyo ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali. Wanaokula wapo, na nawachukia kuliko yeye. Ila kaka, fedha usizorejesha hazijamkosesha usingizi waziri yeyote. Dirisha la rufaa likifunguliwa mwaka huu, nenda basi ukawaeleze wale watoto waliokosa mkopo kwamba miaka yote hii ulikuwa unapambana na ufisadi.