Riwaya Ambazo Hazikunifundisha Kitu

Ukiniuliza ni riwaya gani niliyoipenda kuliko zote mwaka uliopita, nitakujibu Vuta N'kuvute ya Adam Shafi, na papo hapo nitaongeza kwamba shujaa wake hanikoshi. Denge, kijana aliyesoma Urusi akarudi Unguja kuwanyima Waingereza usingizi, ni mwema kupita kiasi. Akifungua kinywa inatoka hotuba. Anatiwa ndani, anatoka, anajificha, anasakwa na Inspekta Wright, na muda wote huo mimi namsubiri Yasmin arudi ukurasani.

Yasmin ndiye riwaya yenyewe. Binti wa Kihindi wa miaka 15 anaozwa kwa Raza, mwenye duka wa miaka 52. Anamkimbia, jamaa zake wanamfukuza, na mtu anayempa mahali pa kulala ni Mwajuma wa mtaa wa Ng'ambo, mwanamke mpenda starehe asiyemwomba radhi mtu yeyote. Hawa wawili wakikaa pamoja, hata mwandishi anaonekana kusahau siasa yake. Wanacheka, wanajipamba, wanakwenda dansi, wanaingia matatani. Yasmin anakosea, anageuza mawazo, anapenda pale ambapo mtu mwenye hesabu asingependa. Sijui niseme "nimejifunza" nini kwake. Nilimfuata tu.

Na hapo ndipo penye neno langu. Tuliosoma fasihi shuleni tulizoeshwa kuingia kwenye riwaya na swali moja mkononi: mwandishi anatufunza nini? Dhamira kuu, dhamira ndogondogo, ujumbe, falsafa ya mwandishi, alama 20. Mwaka huo nilisoma kama mtu asiye na mtihani, na nikagundua kwamba vitabu vilivyonikaa moyoni ni vile ambavyo swali hilo linavipita pembeni.

Chukua Peponi ya Abdulrazak Gurnah, katika tafsiri ya Ida Hadjivayanis iliyotoka 2022, mwaka mmoja baada ya Gurnah kupewa Nobeli. Yusuf ana miaka 12. Baba yake, mwenye kihoteli cha mji mdogo wa bara, anadaiwa na tajiri Aziz, na mtoto anachukuliwa kwa treni kwenda pwani kama rehani ya deni. Hakuna anayemwambia hivyo; yeye anamwita Aziz ami yake. Anayemfumbua macho ni Khalil, kijana wa dukani ambaye naye aliwekwa rehani kabla yake, kwa mzaha mkali na masimango: huyo si ami yako, ni Seyyid. Mazungumzo yao ya barazani, huku wateja wakija na kuondoka, ndiyo kurasa nilizozirudia kuliko zote. Kisha inakuja safari ya bara: wapagazi, hongo kwa machifu, maradhi, na mtawala Chatu anayewanyang'anya mali yote. Msafara mzima unarudi pwani umekonda.

Yusuf katika haya yote hafanyi jambo kubwa. Anatazama. Yupo rafiki yangu, mwalimu wa sekondari, aliyelalamika kwamba mhusika mkuu "amepooza". Mimi naona ndiyo ujasiri wa kitabu. Mtoto aliyewekwa rehani atafanya nini? Anapokuja kuamua jambo moja kwa hiari yake, mwishoni kabisa, ni kukimbilia msafara wa askari wa Mjerumani. Gurnah haongezi hata sentensi moja ya kutuambia tumlaumu au tumhurumie. Nilikifunga nikiwa na hasira, nikakifungua tena kuhakikisha hakuna ukurasa uliochanika.

Euphrase Kezilahabi ni mkali zaidi. Kazimoto wa Kichwamaji (1974) ni msomi wa chuo kikuu anayerudi kwao Ukerewe akiwa na maneno mengi na imani chache, na kumpenda ni kazi. Manase anamharibu dada yake Kazimoto. Kazimoto naye anakuja kumwoa dada yake Manase. Kila mlango anaoufungua una kiza nyuma yake. Sikukifurahia. Lakini miezi imepita na bado nabishana na huyo Kazimoto nikiwa kwenye daladala, jambo ambalo Denge hajawahi kunifanyia.

Msije mkadhani nazikataa hotuba zote. Kuli, ya Adam Shafi huyohuyo, inaelekea kwenye mgomo wa Zanzibar wa 1948, na humo watu wanahutubia kwelikweli. Rashidi nilimsikiliza kwa sababu nilishamwona akibeba mizigo bandarini, nikajua mgongo wake unavyouma. Na yupo Shaaban Robert, anayeivunja kanuni yangu bila haya. Utubora Mkulima kimejaa mafunzo tangu jina la mhusika: Utubora anaacha kazi ya ofisini anakwenda Busutamu kulima, na wema wake hautikisiki. Ingepaswa nichoke ukurasa wa 5. Sikuchoka, maana sentensi zake zina mizani, na nyingine nilizisoma kwa sauti peke yangu jikoni.

Katikati ya hayo nilipumzika na Mzimu wa Watu wa Kale, riwaya ya upelelezi ya Muhammed Said Abdulla, mpelelezi Bwana Msa na kiko chake na Najum akishangaa pembeni. Starehe tupu.

Kitabu cha mwisho wa mwaka kilikuwa Nyota ya Rehema ya Mohamed Suleiman Mohamed (1976), na nilikisoma kwenye nakala ya fotokopi, herufi za pembezoni zimeliwa. Duka moja nililokiulizia, muuzaji alinitolea mwongozo wa mtihani wa kitabu kingine kabisa, akashangaa ninapokataa. Vitabu vilivyo kwenye mtaala unavikuta kila kona. Kikitoka kwenye mtaala, ni kama hakijaandikwa. Rehema anakataliwa na Fuad, baba yake mzazi, kwa weusi wa ngozi yake. Anateseka mjini, kisha anapata utulivu na Sulubu, mkulima, na kurasa za maisha yao shambani ni tamu kiasi kwamba unaanza kumwogopa mwandishi.

Riwaya ya kwanza ya Mohamed huyo, Kiu, ya 1972, bado naitafuta. Mwenye nayo na asiyeogopa kuazimisha, ajitokeze, nairudisha.