Makocha, bakini mpaka mechi iishe

Mwishoni mwa Septemba nilimpeleka mpwa wangu, mrushaji wa miaka 16, kwenye majaribio ya besiboli hapa Georgia, Marekani. Nyuma ya wavu walijipanga makocha wa vyuo, rada za kupima kasi mkononi. Mpira ukitoka tu, macho yote yanashuka kwenye namba. Maili 84 kwa saa. Maili 86. Aliyefikisha 90, yaani kama kilomita 145 kwa saa, jina lake liliandikwa papo hapo.

Nawaelewa. Vijana ni wengi, siku ni moja. Ndiyo maana hupima pia mbio za yadi 60, kasi ya mpira unapotoka kwenye gongo, na muda wa mdakaji kudaka na kurusha hadi kituo cha pili. Mdakaji wa sekunde 2 anatosha kuwafanya wageuke. Nafasi zenyewe ni haba: kwa miaka mingi timu ya chuo ya Daraja la Kwanza, ngazi ya juu ya michezo ya vyuo, iligawana ufadhili kamili wa masomo 11.7 tu kwa wachezaji hadi 27. Siku hizi tena kocha anaweza kumchukua mtu mzima wa miaka 22 anayehama chuo kingine, akamwacha mtoto wa sekondari.

Lakini mchana ule, kwenye mechi, mpwa wangu alipigiwa mpira ukavuka uzio. Akamwita mdakaji, wakanong'onezana, kisha akamtoa mpigaji aliyefuata kwa mipira mitatu ya taratibu, iliyopinda. Mimi nilisimama kwa furaha. Makocha wengi walikwisha ondoka.

Hilo ndilo linaloniuma, maana watoto wanasoma haraka kinachotuzwa, na kusaka kasi kunaumiza viwiko. Upasuaji wa kano ya kiwiko ulifanywa mara ya kwanza mwaka 1974 na Dkt. Frank Jobe kwa Tommy John, mchezaji wa kulipwa wa miaka 31. Leo wanafanyiwa wanafunzi wa sekondari. Desemba 2024 MLB, ligi kuu ya besiboli ya Marekani, yenyewe ilitoa ripoti ikitaja kusaka kasi na kurusha kwa nguvu zote miongoni mwa sababu za majeraha haya, na kwamba mazoea hayo huanzia utotoni.

Garini akaniuliza, "Mjomba, niongeze nguvu?" Nikamwambia hapana. Mkono wake unapumzika hadi Januari. Kocha anayemtaka aje Machi, kwenye mechi ya shule yake, akae mpaka mpira wa mwisho.