Sikulia, na yule bibi si mpenzi wangu

Najua mmeshaiona video ya mimi kuanguka na baiskeli. Shemeji aliirusha kwenye grupu la familia Jumamosi jioni, mimi bado natoa changarawe kwenye goti, na mpaka napanda kitandani ilikuwa imefika Tanga, Muscat na kwa yule binamu wa Toronto ambaye hata salamu za Idi hajibu. Hii kaijibu. Sasa sikieni upande wangu, maana aliyoyaandika chini ya video, eti nililia, eti bibi mmoja ananiita mpenzi wake, nusu yake ni uongo. Nusu nyingine tutaifikia.

Kosa la kwanza ni langu, nilijigamba. Shemeji kaja kututembelea huku Truro, Uingereza, nikamwambia kuna njia ya miguu na baiskeli inayokata jimbo letu la Cornwall kutoka bahari hii hadi bahari ile, Portreath mpaka Devoran, kama kilomita 18. Akaniuliza, "Utaweza weye?" Mtoto wa Tanga anaulizwa kama ataweza baiskeli! Nikamjibu nimekulia juu ya kerieri.

Tukakodi katikati ya njia, Bissoe, tukaanza kwa kupanda kuelekea Portreath. Kupanda nilipanda vizuri, na hilo hakuna aliyelirekodi. Nikajifanya mwalimu kabisa. Nikamwonyesha mawe ya graniti yenye matundu, palipokazwa reli za magari ya kukokotwa na farasi, njia iliyoanza kujengwa 1809. Farasi walivuta mawe ya shaba hadi bandarini, meli zikayapeleka Wales kuyeyushwa kwa kuwa Cornwall haina makaa, zikarudi na makaa ya kuendeshea pampu za migodini. Nyumba za pampu hizo zimebaki magofu, dohani zimesimama peke yake porini kama makaburi ya nguzo ya Tongoni. Shemeji akatazama, akasema, "Kumbe huku ndiko watu wanakofia." Sikumjibu. Pumzi sikuwa nayo.

Nikamweleza pia, kwa mdomo wangu huu huu, kwa nini bonde la Poldice lina upara: walichimba shaba na bati, kisha wakatengeneza aseniki, sumu ya kuulia wadudu. Aseniki. Likumbukeni neno hilo.

Portreath tukala chipsi, tukageuza. Tukapanda tena kutoka baharini, na baada ya hapo ni mteremko.

Walioendesha Phoenix za kurithi watanielewa. Breki yetu ilikuwa kandambili. Ukitaka kusimama unashusha mguu, unabana tairi kwa soli, unanuka mpira ulioungua mpaka nyumbani. Baiskeli ya kukodi ina breki za diski, na kijana aliyetukabidhi alituambia kidole kimoja kinatosha. Nikaitikia kwa kichwa kama fundi.

Poldice. Kona. Changarawe. Na katikati ya njia mbwa mdogo mweupe, kakaa kitako, anajikuna.

Mguu wa kulia ukatoka kwenye pedali wenyewe, sikuutuma, ukaenda kutafuta tairi. Haukulipata. Ukabaki hewani unapapasa kama mtu anayetafuta swichi gizani. Mikono ikaona mguu umeshindwa, ikashika breki zote mbili kwa nguvu za mtu anayekamua tui la mwisho. Gurudumu la mbele likasimama pale pale. Mimi nikaendelea na safari. Tandiko lilipoachana nami nililihisi. Usukani ukapita chini ya kifua, ukafika tumboni, hapo ukachelewa kidogo (msicheke), ukapita. Nikaiona dohani, kichwa chini miguu juu. Nikapata na muda wa kukumbuka kwamba nimevaa suruali nyeupe, na kwamba mama watoto alinionya. Ndipo nikaanza shahada. Shemeji kaandika nilipiga kelele "mama!" Irudisheni video, ongezeni sauti: ni "ashhadu" ile, ila haikufika mwisho kwa sababu mdomo ulifika dimbwini kwanza.

Dimbwi lenyewe rangi ya mchuzi wa biriani. Na mdomo, kama mjuavyo, mtu akitoa shahada huwa wazi.

Ladha ilikuwa ya chuma, kama kulamba ufunguo. Nikalala kifudifudi nawaza neno moja tu, lile nililowaambia mlikumbuke. Shemeji wala hakuja mbio. Tazameni hiyo video, simu haitikisiki hata chembe! Mkono wa daktari wa macho.

Aliyekuja ni mwenye mbwa, bibi wa miaka themanini hivi, koti la mvua na fimbo. Akainama akaniuliza, "U mzima, mpenzi wangu?"

Jamani, Cornwall ndivyo wanavyoongea. Dereva wa basi ananiita mpenzi wangu. Fundi bomba mwenye ndevu mpaka kifuani aliniita mpenzi wangu huku kashika spana. Lakini shemeji hilo hakulieleza, yeye alitafsiri tu, akaongeza vimoyo vitatu.

Haya, nusu ya kweli. Kulia sikulia, yale maji machoni ni ya dimbwi. Ila ni kweli nilimshika bibi wa watu mkono nikamuuliza kama nitakufa. Akacheka mpaka mbwa akabweka. Akaniambia wafanyakazi wa zamani walikuwa wakiziba pua kwa pamba na kujipaka udongo mwilini, kisha wanaingia kwenye mifereji ya moshi kukwangua aseniki kwa mikono. Hilo dimbwi lako rangi yake ni kutu, akasema, tema, sukutua, inuka.

Nikatema, nikasukutua, nikainuka. Baiskeli nzima. Kijana wa kukodisha alinitazama juu mpaka chini, hakuuliza kitu, akaenda kuvuta mpira wa maji. Devoran hatukufika. Suruali imefuliwa mara tatu na bado ni biriani.

Jana mama mkwe kanitumia sauti kutoka Tanga. Kaanza kwa pole, kaniombea dua ndefu, halafu akakohoa: "Mwanangu, na huyo bibi, ana watoto?" Mpaka sasa sijajua nijibu nini.

Shemeji yupo hapa mpaka Jumatano. Wiki hii mama watoto ana zamu za usiku, mpishi ni mimi, na pilipili mbuzi zimejaa kwenye friji.