Gemu za Vikatuni za Mtandaoni: Trela Haimwambii Mchezaji wa Dodoma Anachohitaji Kujua

Likizo za Juni na Desemba zinapokaribia, simu za vijana wengi hapa Dodoma hujaa trela, yaani video fupi za kutangaza, za gemu za aina moja: wahusika wenye vichwa vikubwa na macho ya mviringo, vijiji vilivyojaa maua, paka wanaouza dawa, mazimwi laini ambayo hata mtoto wa darasa la pili hayaogopi. Ni gemu za kuigiza zinazochezwa mtandaoni na maelfu ya watu ndani ya ulimwengu mmoja. Unaunda mhusika wako, unampandisha levo, unavua samaki, unalima, unajiunga na chama cha watu ambao hujawahi kuonana nao ana kwa ana. Korea Kusini ndiyo iliyozikuza zaidi. Ragnarok Online ilitoka 2002, MapleStory ikafuata 2003, Mabinogi 2004, na nyingi zinazotangazwa leo zina kitu zilichorithi kwa hizo tatu.

Vijana wanaozipenda wanasema ni burudani safi isiyo na damu wala matusi. Wazazi na walimu wengi wanasema ni utoto unaokula bando na muda wa kusoma. Mimi nazifuatilia kwa karibu na nazipenda, ila naona pande zote mbili zinahukumu kwa sura. Mmoja anaona sura nzuri akadhani kila kilichomo ni kizuri; mwingine anaona sura ya kitoto akadhani hakuna cha maana ndani. Lililo muhimu ni namna gemu inavyochukua pesa na muda ambao kampuni imejipanga kuiweka hai. Hayo mawili ni nadra kuyakuta kwenye trela.

Nianze na upande wa vijana, kwa sababu hoja yao ina nguvu kuliko inavyosikilizwa. Ingia kwenye vibanda vya gemu vya mitaani, uanzie Majengo mpaka Chang'ombe: kinachotawala ni mpira, na wachezaji ni wavulana. Msichana wa kidato cha tatu hana nafasi pale, na hata akiipata, nyumbani wataulizana alifuata nini. Gemu ya vikatuni kwenye simu inampa mahali pa kucheza bila kuomba ruhusa kwa kundi la wavulana. Humo ndani kazi nyingi hazifanyiki peke yako. Kuna zimwi ambalo halianguki mpaka mmoja akubali kuwa mponyaji, mwingine akae mbele kupokea mapigo, na wa tatu asubiri zamu yake. Mtu mwenye haraka na majivuno huondolewa kwenye kundi. Nimewaona vijana wakijifunza hapo uvumilivu ambao hawakuuonyesha kwenye gemu za risasi.

Hoja ya kwamba watoto wanajifunza Kiingereza kwa kuchati na wageni sina imani nayo sana. Mazungumzo ya humo ni mafupi mno, maneno matatu manne yaleyale: nisaidie, nauza, asante, njoo huku. Tusiipandishe bei hoja isiyo na uzito wakati zenye uzito zipo.

Sasa pesa. Gemu nyingi za aina hii hupakuliwa bure, na kampuni hula kupitia duka lililo ndani. Kuuza mavazi na mapambo ya mhusika hakunisumbui. Palia, iliyofungua majaribio yake kwa umma Agosti 2023, inauza mavazi na mapambo, hainunulishi nguvu, na anayecheza bila kulipa halimi polepole kuliko mwenye pesa. Tatizo linaanza pale unapouziwa bahati.

Kesi ya MapleStory inastahili kuelezwa kwa kirefu, maana hii ni mojawapo ya gemu mama za vikatuni hivi. Tangu 2010 gemu hiyo ilikuwa na kitu kinachoitwa cube. Ukikitumia, sifa za silaha yako hubadilishwa kwa bahati: unaweza kupata nguvu kubwa, unaweza kupata takataka. Ukitaka kujaribu tena, unanunua kingine. Januari 2024 Tume ya Ushindani wa Haki ya Korea Kusini ilieleza ilichokigundua. Nexon, kampuni yenye gemu hiyo, ilikuwa imepunguza uwezekano wa kupata sifa zinazotafutwa zaidi na wachezaji, na baadhi ya michanganyiko ya sifa hizo ilikuwa imewekewa uwezekano wa sifuri. Watu walikuwa wananunua bahati ya kitu ambacho hakikuwepo kabisa kwenye mzunguko, kwa miaka, bila kuambiwa. Tume iliitoza kampuni won bilioni 11.6, ambazo kwa thamani ya wakati ule ni zaidi ya shilingi bilioni 20 za kwetu.

Aliyewahi kusimama stendi akitazama pata potea anaijua mbinu hiyo. Karata unayoitafuta haipo mezani, na mwenye meza ndiye peke yake anayejua. Tofauti ni kwamba pata potea humchezea mtu mzima mwenye nauli mfukoni, ilhali huku mchezaji anaweza kuwa mtoto wa miaka 12, na meza imepambwa kwa uyoga wenye macho mazuri.

Mzazi mmoja wa mtaa wa Kisasa aliniuliza kama mwanawe anacheza kamari. Nilimwambia, mama, gemu yenyewe siyo kamari, ila ndani yake kuna kona moja inayofanya kazi kwa namna ileile, na ni kazi yetu kuijua kona hiyo. Hapa nchini mtu aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kubeti, na matangazo ya kubeti huambatana na onyo hilo. Sanduku la bahati, yaani kile unachokilipia bila kujua utapata nini, ndani ya gemu ya vikatuni halimfikii mtoto likiwa na onyo hilo. Linamfikia kama zawadi ya kufungua. Ubelgiji iliamua 2018 kwamba masanduku ya bahati yanayolipiwa yanaangukia kwenye sheria yake ya kamari. Korea Kusini ikachukua njia nyingine: kuanzia Machi 22, 2024, sheria inazitaka kampuni kutangaza uwezekano halisi wa kila kitu kinachouzwa kwa bahati. Kati ya hizo mbili mimi naunga mkono ya Korea kwa watu wazima na ya Ubelgiji kwa watoto. Najua kuzitenganisha ni vigumu pale ambapo umri unathibitishwa kwa kubonyeza tu kitufe.

Watetezi wa kampuni hujibu kwamba seva (kompyuta zinazoendesha gemu), wachoraji na watafsiri wanagharimu pesa kila mwezi, na bila wachache wanaolipa sana, wengi wasingecheza bure. Ni kweli. Kijana wa Nkuhungu anayecheza miaka miwili bila kutoa shilingi anachezeshwa na pesa za mtu mwingine, pengine wa Seoul. Lakini ukweli huo hauhalalishi kumficha huyo wa Seoul kwamba alichokuwa anakinunua kilikuwa sifuri.

Jambo la pili ni ahadi. Trela ya gemu isiyotoka bado ni tangazo la biashara, na wengi wetu tunaisambaza kama habari. Desemba 2022 Amazon Games ilitangaza kwamba ingeileta gemu ya Blue Protocol, ya kampuni ya Kijapani ya Bandai Namco, kwenye nchi za Magharibi. Ilikuwa ya kupendeza kwelikweli, mfano wa katuni ya Kijapani unayoweza kutembea ndani yake. Japani iliizindua Juni 2023. Agosti 2024 ikatangazwa kwamba seva za Japani zingefungwa, na hilo toleo la Magharibi nalo likafutwa kabla halijatoka. Januari 2025 seva zikazimwa. Baadaye kampuni ya China ikatoa gemu nyingine kwa jina na sura ileile, Blue Protocol: Star Resonance, na shangwe ikaanza upya.

Nayo Peria Chronicles ya Nexon ilionyeshwa kwa miaka kadhaa, ikapendwa kwa michoro yake, ikafutwa 2019 bila kufika sokoni. Toleo la kimataifa la MapleStory 2 lilitoka Oktoba 2018 likafungwa Mei 2020. Hata miaka miwili halikutimiza.

Ukifungiwa seva, hakuna kinachobaki. Mhusika, nyumba uliyoijenga, chama, mazungumzo, vyote vinakwenda. Disney ilifunga Toontown Online Septemba 2013 na Club Penguin Machi 2017, na zote mbili zilikuwa za watoto. Hapo wapenzi wa gemu hizi husema furaha iliyopita haifutwi kwa seva kuzimwa. Kwa mtu aliyecheza bila kulipa, nakubaliana nao. Kwa aliyelipa, hapana. Huyo aliuziwa kitu bila kuambiwa kwamba ni cha kukodi. California imepitisha sheria 2024 inayowataka wauzaji wa bidhaa za kidijitali kumweleza mnunuzi waziwazi kwamba anapata leseni tu, na Ulaya kampeni ya kuzuia gemu zilizolipiwa zisiuawe ilivuka saini milioni moja mwaka 2025. Toontown yenyewe ilifufuliwa na mashabiki kwa jina la Toontown Rewritten, bure kabisa, hakuna duka ndani. Kwangu huo ni ushahidi kwamba gemu hizi zina thamani kwa watu kupita hesabu za kampuni.

Turudi Dodoma, kwa sababu kuna mambo ambayo mwandishi wa habari za gemu aliyeko Ulaya au Asia hawezi kuyaona. La kwanza ni umbali. Kutoka hapa hadi Seoul ni takribani kilomita 10,000 kwa mstari ulionyooka. Mwanga ndani ya nyaya za intaneti husafiri kilomita kama 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo hata kama waya ungenyooka kama rula, amri yako ingechukua milisekunde 100 kwenda na kurudi. Waya haunyooki, unapita baharini kwa kuzunguka. Gemu inayotaka ukwepe pigo papo hapo itakuganda mikononi hata kama bando lako ni zuri, na lawama atabeba mtoa huduma wa hapa ambaye hana kosa. Gemu za kupokezana zamu hazina shida hiyo. Wizard101, iliyotoka 2008, hupigana kwa karata, kila mtu kwa zamu yake, na nusu sekunde ya kuchelewa haikuui. Kwa mchezaji wa kwetu hiyo ni sifa kubwa kuliko ubora wowote wa michoro, na sikumbuki kuona trela inayoitaja. Tuliojaribu kucheza Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipoharibika na intaneti ya Tanzania ikazorota, tunajua pia kwamba kuna siku hakuna gemu ya mtandaoni inayochezeka kabisa.

La pili ni kifaa. Palia niliyoisifu inahitaji kompyuta au mashine ya gemu. Haina toleo la simu. Hivyo kwa wanafunzi wengi hata wa Chuo Kikuu cha Dodoma, sifa zangu hazina msaada. Flyff Universe, iliyotoka 2022, inafunguka ndani ya kivinjari, kwenye kompyuta au simu, bila kupakua mzigo mkubwa kwanza. Sura yake ni ya kizamani, na duka lake linahitaji tahadhari, lakini mtu mwenye simu ya kawaida iliyojaa picha za harusi ya dada yake anaweza kuicheza bila kufuta kitu.

Kuna jambo la tatu ambalo nalipa uzito kuliko yote. Gemu mpya za vikatuni zimejengwa juu ya zawadi za kila siku. Ingia leo upate sarafu, kesho upate zaidi, ukikosa siku mnyororo unakatika. Juu yake kuna tiketi ya msimu, ya wiki kadhaa au miezi miwili, unayolipia kisha unaimaliza kwa kucheza karibu kila siku. Mfumo huo umemfikiria mtoto aliye na simu yake mwaka mzima. Mwanafunzi wa bweni wa Tanzania hana. Anakabidhiwa simu likizo, anacheza kwa wiki chache, halafu shule inafunguliwa na simu inabaki kwa mama. Tiketi aliyoinunua kwa pesa ya sikukuu inaisha akiwa darasani, na chama alichojiunga nacho kinamwondoa kwa kutoonekana. Anaporudi, anakuta wenzake wamemwacha mbali na duka linamwonyesha njia ya mkato ya kulipia.

Wapo watakaosema basi hiyo ndiyo dawa, shule inamwokoa. Mimi naona inamwandaa kulipa zaidi likizo inayofuata, kwa sababu ana wiki chache za kufidia miezi. Kama wewe ni mzazi na mtoto ana hamu na gemu hizi, mruhusu, lakini mchagulie ambayo mhusika wake atamkuta palepale alipomwacha: Wizard101 kama kuna kompyuta nyumbani, Flyff Universe kama ni simu tu, na tiketi ya msimu asinunue kabisa. Mfungie mlango wa malipo kwenye simu kabla hajaanza, na umweleze kwa nini umeufunga. Kuhusu wageni anaochati nao, akae sebuleni anapocheza. Namba 116 ya huduma ya simu kwa mtoto aijue kwa kichwa.

Nanyi vijana wenzangu mnaotengeneza video za Kiswahili kuhusu gemu hizi, mna wafuasi wanaowaamini kuliko trela yoyote. Sekunde 20 za mwanzo zinatosha kusema gemu ina ukubwa wa GB ngapi, seva ya karibu iko nchi gani, dukani wanauza mavazi au bahati, na kampuni hiyo imeshawahi kufunga gemu ngapi. Michoro tutaiona wenyewe.